Sema Kanuni Kabla ya Kupokea Pesa

Ugomvi mkubwa kuliko wote niliowahi kuushuhudia nyumbani kwangu ulianzia kwenye saa. Ilikuwa mwezi wa nane, watu wanarudi kutoka Nanenane Mbeya, na vyumba vyangu vinne hapa Hasamba vilikuwa vimejaa. Dereva mmoja wa lori, mtu mzima aliyetokea Zambia, alikuwa bado amelala saa nne na nusu asubuhi, ilhali karatasi niliyoibandika nyuma ya mlango inasema mwisho wa kukaa chumbani ni saa nne. Mhudumu akagonga. Akagonga tena. Barazani walikuwa wameketi mume na mke na mtoto mchanga, mizigo miguuni, wanasubiri chumba hichohicho. Nikaenda mwenyewe, nikamwambia yule dereva, kwa sauti ninayoionea aibu hadi leo, kwamba atalipa siku nyingine nzima.

Akanionyesha simu yake. Ilisema ni saa tatu na nusu. Hakuwa anadanganya: Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, na mtu akivuka Tunduma bila kurekebisha saa yake huendelea kuishi kwa saa za Nakonde, upande wa Zambia. Kwa hesabu yake alikuwa na nusu saa zaidi. Kwa hesabu yangu alikuwa amenichelewesha nusu saa. Na hakuna mahali popote ambapo mimi, mwenye nyumba ninayeishi mkoa wa mpakani, nilikuwa nimeandika ni saa za wapi.

Karatasi ile ilikuwa na kosa la pili. Niliandika “10:00”, kwa sababu niliiga karatasi niliyoiona Dar es Salaam. Baada ya wiki mbili mwalimu mstaafu akaisoma kama sisi sote tunavyosoma saa tangu utotoni, saa kumi, akarudi alasiri kuchukua begi lake na kukuta kitandani pamelala mtu mwingine. Sasa nimeandika: “saa nne asubuhi, saa za Tanzania”. Maneno machache tu yaliyoongezeka, na ugomvi wa aina hiyo sijauona tena.

Naandika haya kwa ajili ya wenzangu, maana tumekuwa wengi. Tangu Mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 na Vwawa ikawa makao makuu, watu wa upande huu tumepata wageni ambao zamani walipita tu barabarani. Wapo watumishi waliohamishiwa mkoani ambao hawajapata nyumba. Wapo wanunuzi wa kahawa msimu ukianza. Wapo ndugu wanaokuja msibani na harusini, wachache wanaokuja kukiona kimondo cha Ndolezi, na madereva waliochoka na foleni ya mpakani. Baadhi yetu wamejenga gesti. Wengine, kama mimi, tumegeuza nyumba ya familia: watoto wamekwenda mjini, vyumba vimebaki vitupu, nasi tunavipangisha kwa siku. Hapo ndipo ugumu ulipo. Mwenye gesti anajua anafanya biashara. Mwenye nyumba ya familia anapokea pesa ya biashara lakini moyoni bado anataka mgeni awe kama shemeji aliyekuja kusalimia, ajue mwenyewe kwamba viatu huvuliwa mlangoni na kwamba kile kiti cha kona ni cha marehemu baba.

Mgeni hajui. Na hawezi kujua usipomwambia, wala hawezi kukubali jambo ambalo hajalisikia. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inasimama juu ya msingi huohuo: makubaliano huwa mkataba pale wenye uwezo wa kukubaliana wanaporidhia kwa hiari yao. Ukipokea shilingi 20,000 saa moja usiku, ukamkabidhi mtu ufunguo, kisha ndani ya chumba akakutana na orodha ya makatazo kumi na manane, hayo kumi na manane aliyaridhia lini? Amechoka, ametoka safari ya siku mbili, giza limeingia, pesa iko mkononi mwako. Hana pa kwenda. Ataitikia kwa kichwa, na asubuhi mtagombana.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kama utachukua mmoja tu chukua huu, ni kwamba kanuni zisemwe kabla ya pesa. Siku hizi karibu kila mgeni hupiga simu kwanza. Mimi humjibu, tukisalimiana vizuri na akaniuliza bei, halafu namtumia ujumbe mmoja mfupi: “Chumba kipo, 20,000 kwa usiku, watu wawili. Kutoka ni saa nne asubuhi saa za Tanzania. Hatuwashi mkaa wala kupika chumbani. Anayekuja kukutembelea tunampokea sebuleni hadi saa tatu usiku. Dhamana ni 20,000, unarudishiwa siku ya kuondoka. Ukiridhika nijibu SAWA, ndipo utume pesa.” Lile neno SAWA limenisaidia kuliko karatasi zote nilizowahi kubandika. Anayelituma amesoma. Asiyeridhika anasema mapema, na tunaagana bila uchungu. Kumpoteza mgeni wa namna hiyo si hasara, maana angekugharimu zaidi akiwa ndani.

Angalia pia kwamba ujumbe wangu una kanuni tano tu. Nilianza na ishirini na mbili. Kila nilipoudhika niliongeza moja, mpaka karatasi ikawa orodha ya machungu yangu mwenyewe: usiegemeze kichwa ukutani, usitumie taulo kufutia viatu, usihamishe meza. Mgeni akisoma orodha kama hiyo anaona amehesabiwa mkosaji kabla hajakosa, na ile kanuni moja inayolinda uhai wake inapotea katikati ya habari za meza.

Kanuni hiyo ni ya mkaa. Naomba nikae hapo kidogo.

Huku kwetu Mbozi ni nchi ya baridi. Mwezi wa sita na wa saba mgeni aliyetoka pwani anatetemeka tangu jua linapozama, na wazo la kwanza linalomjia ni kuomba jiko la mkaa aliweke chumbani, afunge mlango na dirisha, alale. Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, na hata moshi ukiwa umekwisha na makaa yamekuwa mekundu, yanayopendeza, bado inatoka. Gesi hiyo hujishika kwenye damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo mtu anapumua lakini mwili haupati kitu. Huanza kwa kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uzito wa usingizi. Aliyekwisha kulala hazisikii dalili hizo. Hupita moja kwa moja kwenye usingizi ambao hauna kuamka. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi kumwokoa.

Sasa tazama namna tunavyoiandika kanuni hii: “NI MARUFUKU KUWASHA MOTO CHUMBANI. FAINI 50,000.” Mgeni anayeganda kwa baridi anasoma hapo kwamba mwenye nyumba anaogopa shuka zake zitaungua. Atasubiri taa zizimwe, atamtuma mtu jiko kwa siri. Ukiandika badala yake kwamba mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua usingizini, na kwamba blanketi la pili liko kabatini na maji ya moto yanapatikana jikoni hadi saa nne usiku, umemwambia sababu na umempa kitu mbadala. Tangu niongeze blanketi la pili kila chumba, na chupa ya chai kwa anayeitaka, hakuna aliyeniomba jiko. Katazo linalomwacha mtu na baridi yake halishikiki. Mwenye nyumba asiyetaka kununua mablanketi ajue kwamba kanuni yake ya mkaa haina miguu.

Baada ya mkaa, kinacholeta maneno mengi ni mgeni wa mgeni. Mtu amechukua chumba cha watu wawili, usiku wanaingia sita. Huku kwetu mara nyingi si ujanja, ni msiba. Ukoo umesafiri kutoka Mbeya, Sumbawanga, hata kutoka ng'ambo ya mpaka, na anayejua kwamba ana chumba hawezi kumwacha shangazi yake nje. Mwenye nyumba akisimama mlangoni usiku huo na kusema “chumba ni cha wawili”, ana haki, lakini anaonekana katili mbele ya watu waliofiwa, na habari itafika kila kaya kabla ya mazishi. Mimi nilijifunza kuuliza mapema, wakati wa simu: “Pole kwa msiba. Mtakuwa wangapi, na je, kuna wengine wanaweza kuongezeka?” Kisha nasema ukweli wa nyumba yangu, kwamba tangi la maji ni la lita 1,000 na tukizidi watu kumi halifiki asubuhi. Bei ya mtu wa ziada naitaja hapohapo, pamoja na godoro la chini. Watu wakijua bei huchangishana. Wakishtukizwa nayo huona wanakamuliwa.

Mgeni wa usiku wa aina nyingine, nyote mnamjua, sitamwelezea sana. Nasema tu kwamba kama nyumba yako haikubali watu wa kukaa saa moja au mbili tu, sema kwenye simu bila kumhukumu mtu, na usimtume binti wa mapokezi akagonge mlango usiku wa manane kumtoa mtu chumbani. Binti huyo si askari. Kama jambo lazima lishughulikiwe usiku, nenda wewe mwenye nyumba ukiwa na mtu mwingine, au subirini asubuhi. Nimeona wasichana wakitukanwa na kusukumwa kwa kanuni ambazo si wao walioziandika, kwa mshahara mdogo, na hili linaniumiza kuliko shuka lolote lililochanika.

Nyumba nyingi za wageni nchini zina kanuni kwamba watu wawili wa jinsia moja hawalali chumba kimoja. Mwenye kanuni hiyo aitaje kwenye simu. Kaka wawili waliokuja kumzika baba yao, wenye pesa ya chumba kimoja, wakiisikia mlangoni saa tatu usiku wataichukua kama tusi. Mimi chumba kimoja nimekiwekea vitanda viwili vidogo, na suala hilo likaisha.

Daftari la wageni nalo huleta ubishi, hasa safu zile za kabila, kazi, unakotoka na unakokwenda. Mgeni anauliza, ya nini yote haya? Mjibu kwa utulivu: huku ni mpakani, polisi na maofisa wa uhamiaji hupita kukagua, na nyumba isiyo na daftari ndiyo inayoingia matatani. Lakini mgeni naye ana haki upande wake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na roho yake ni kwamba taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu maalumu na zitunzwe. Daftari lililoachwa wazi mezani, kila anayeingia akisoma nani amelala namba tatu na simu yake ni ngapi, ni uzembe. Lifunge, liweke kwenye droo. Usibaki na pasi ya kusafiria ya mtu kama rehani, kwa sababu pasi ni mali ya serikali iliyoitoa. Andika namba, mrudishie. Kamera iwe getini au barazani na mgeni aambiwe ipo. Chumbani na sebuleni wanakopumzika wageni isiwepo. Wanaopangisha kupitia Airbnb wajue kwamba kampuni hiyo ilipiga marufuku kamera za ndani ya nyumba tangu tarehe 30 Aprili 2024, hata zile zilizotangazwa kwa mgeni.

Nije kwenye faini, maana hapa wenye nyumba tunajidanganya. Tunaandika “kupoteza ufunguo 50,000” kwa kitasa ambacho fundi anakibadilisha kwa pesa pungufu kabisa ya hiyo, tukidhani kwamba kuandikwa ndiko kunakoihalalisha. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba kinasema anayevunjiwa mkataba anastahili fidia ya haki isiyozidi kiasi kilichotajwa. Yaani kile kiasi ulichokiandika ni dari. Chini ya dari hiyo unapata kinachostahili kwa haki. Weka risiti ya duka ulikonunulia shuka, kitasa na birika. Kitu kikiharibika, toa risiti, mtazame pamoja, mkate kwenye dhamana kinacholingana, kilichobaki mrudishie mkononi. Nimewahi kumrudishia mtu 13,000 kati ya 20,000 na akashukuru, kwa sababu aliona hesabu.

Na usimfungie mtu ndani kwa sababu hajalipa. Najua hasira hiyo, nimewahi kushika funguo za geti mkononi huku mkono unatetemeka. Kumzuia mtu isivyo halali ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na dakika utakayofunga geti wewe uliyedhulumiwa unageuka kuwa mshtakiwa. Mwite mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, mkae watatu. Ikishindikana kabisa, Mahakama ya Mwanzo inasikiliza madai madogo ya namna hii, na inaendeshwa kwa Kiswahili. Hapo ndipo ule ujumbe wa simu wenye neno SAWA, na ule wa malipo kutoka kwenye mtandao wa simu, vitakapokuwa mashahidi wako.

Wewe unayesafiri, yako ni haya. Uliza kabla hujatuma pesa: mwisho wa kutoka ni lini, maji yapo saa zote, umeme wa LUKU anaununua nani ukikatika, mke wangu akifuata kesho itakuwaje. Ukiingia chumbani, kabla hujafungua begi, washa taa, fungua bomba, tazama kitasa na godoro. Ukiona doa au kioo kilichopasuka piga picha na umtumie mwenye nyumba saa hiyohiyo, si kwa kulalamika, ni kwa kuweka kumbukumbu. Aliyekodi kupitia Airbnb ana saa 72 tangu agundue tatizo kuitaarifu kampuni, naye mwenye nyumba ana siku 14 baada ya mgeni kuondoka kudai uharibifu. Mazungumzo yenu yote yabaki ndani ya programu, maana mliyosemezana pembeni hakuna atakayeyaona. Na kama kuna kanuni inayokukwaza, zungumza na mwenye nyumba. Kumfokea mhudumu hakubadilishi kitu.

Kuna namna ya kuonya ambayo hakuna sheria itakayokufundisha, ila kila aliyelelewa huku anaijua. Mgeni akiwa mzee, usimtume kijana kumwonya. Nenda mwenyewe, amkia kwanza, uliza ameamkaje. Usimsemeshe baba mbele ya watoto wake, mwite kando. Muziki ukizidi usiku, anza kwa kusema jirani ana mgonjwa, kama kweli anaye, au watoto wa shule wanaamka alfajiri, ndipo uombe. Nimesema uombe. Katika miaka yangu ya kazi hii sijaona mgeni aliyeongeza sauti ya redio kwa sababu aliombwa kwa heshima, lakini nimewaona walioongeza kwa sababu walipigiwa mlango kwa ngumi.

Yule dereva wa Zambia hakulipa siku ya pili. Mume na mke na mtoto wao niliwapeleka sebuleni kwangu, nikawapa uji, chumba kikaandaliwa saa tano. Nilimwomba radhi yule dereva getini, naye akacheka, akageuza saa ya simu yake palepale mbele yangu.

Nimalizie na siku ya kuondoka: ukaguzi ufanyike mgeni akiwepo, mizigo ikiwa bado chumbani. Ingieni wawili. Hesabuni shuka, blanketi, taulo, ufunguo. Dhamana irudi mkononi hapohapo, iandikwe daftarini, asaini. Halafu ndipo umwite kijana wa bodaboda aje abebe begi.